Marufuku Panda

Sheria ya kulinda kinamasi ilipita Jumanne kule bunge la kaunti. Kufikia Jumatano saa nne Masese alikuwa ameshang'oa nduma yake yote ya kando ya kinamasi, hata mche mmoja hakuacha.

Si kwamba alikosea kusikia. Mzee wa mtaa, Kimeli, alizunguka Sosiot nzima na pikipiki, kipaza sauti mkononi: "Ni marufuku panda! Mita thelathini kutoka kwa kinamasi, marufuku panda! Jela miezi sita!" Na Masese ni mtu wa kutii. Akisikia sheria ya Mombasa kwa redio, anaifuata akiwa hapa hapa. Ndiyo maana kijiweni wanamwita Mtiifu.

Sasa alikuwa amekaa kwa benchi la kituo cha majani chai, mabati juu ya kichwa, kinamasi hatua ishirini nyuma ya mgongo, akingoja lori pamoja na wenzake. Gunia la miche lilikuwa katikati ya miguu yake, jembe kando, na majani yameanza kulegea. Mbegu ile aliileta marehemu mke wake, Moureen, kutoka kwao Nyamira, imefungwa kwa leso, mwaka ule walihamia. Ilimuuma Masese mpaka kwa mifupa.

"Mtiifu, nani alikutuma ung'oe?" aliuliza Chepchirchir, mwalimu mstaafu. Yeye ndiye Spika wa kijiwe: asipokohoa, kikao hakijaanza.

"Kimeli alisema marufuku kupanda."

"Alisema panda, hakusema kupanda! Panda ni nomino. Nimefundisha miaka thelathini, usinibishie. Panda ni feya, ile ya watoto ya kurusha mawe. Serikali inalinda korongo wasipigwe."

"Aah, mwalimu!" Gibson wa bodaboda, aliyeitwa Waifai kwa sababu habari zote humshika yeye kwanza, alisimama. "Panda ni ile dubu ya TV, nyeusi na nyeupe. Inakula mianzi. Na hapo juu wamepanda mianzi, ama hamjaona? Hiyo ni lanchi yake. Mnyama ako njiani, nawaambia!"

"Dubu, Sosiot?"

"Kwani Sosiot iko na ubaya gani? Baridi tuko nayo."

Aliyenyamaza ni Alexander, au Bonasi, mtu ambaye huanza kuongea juu ya bonasi ya majani Januari na kumaliza Disemba. Leo hakuitaja hata mara moja. Alikuwa anatoka jasho.

"Na kama ni ndume kupanda ng'ombe?" aliuliza polepole.

"Ati?"

"Ndume yangu, yule naita Mheshimiwa. Kazi yake yote hufanyia hapo kwa kinamasi, kwa sababu udongo ni laini. Sasa nani atamwambia?"

"Aandikiwe barua," alisema Spika.

"Msicheke! Jela miezi sita! Mheshimiwa hajawahi hata kulala nje!"

Gibson alicheka mpaka akashika nguzo. "Basi Bonasi, mpimie mita. Akifika thelathini na moja, mwambie, boss, endelea!"

"Nyamazeni!" Masese alipiga gunia kofi. "Nyinyi mnacheza na hapa mbegu ya Moureen inakufa! Huyo mama alibeba hii kitu kwa kifua kutoka Nyamira. Mimi nataka kujua neno moja tu. Nirudishe kwa udongo ama nisirudishe?"

Hata Bonasi alionea nduma huruma.

Na kwa bahati, pikipiki ya Kimeli ikaingia, kipaza sauti kikining'inia shingoni.

"Chamgei!" alisalimia kwa lugha ya kwao.

"Chamgei mising!"

"Mzee," Masese alimrukia, "panda ni nini?"

"Panda ni panda."

"Ni ya mbegu?"

"Hapana."

"Ya kurusha mawe?" aliuliza Spika.

"Mawe gani, mwalimu?"

"Ya ng'ombe?" Bonasi alikuwa amefumba macho kama mtu anayeomba.

"Hapana!"

"Ya TV?"

Kimeli alimtazama Gibson kama mtu anayefaa kupimwa malaria. "Nyinyi hamsikii Kiswahili? Panda! Kitu ya kujengwa! Iko na miti nne na mapati juu!"

"Mabati?" Spika alikohoa. "Ngoja, mzee. Hiyo panda yako inaanza na P ya Paulo, ama herufi gani?"

"P ya Pomet!" alifoka Kimeli. "P ya Piplia!"

Halafu Spika akainua macho juu taratibu, na wote wakafuata. Miti minne. Mabati.

"Banda," alisema. "Woi, aibu yangu. Na hii ni ulimi ya kwetu, ningeshika mapema."

"Si ndiyo nasema tangu jana! Hii hapa ndiyo ya kwanza kwa orodha. Na nimewapata ndani, mmekaa! Tokeni, tokeni sasa hivi, inavunjwa!"

Hakumaliza. Mvua ya kule haibishi hodi. Ilimwagika yote mara moja. Kimeli aliangalia nje, akaangalia mabati, akazima kipaza sauti na kujibana katikati ya Spika na Bonasi.

"Sogea kidogo," alisema. "Sheria itaanza ikikauka."

Masese hakungoja ikauke. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hakujali nani anaona. Akabeba gunia begani, akashika jembe, akatoka nje kichwa wazi na kuteremka kinamasini akikimbia.

"Wewe Masese!" Kimeli alipiga kelele. "Unaenda wapi na mvua hii?"

"Kupanda!"

Kimeli alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," aliwaambia wenzake. "Nimetoka kumweleza sasa hivi, na bado anaenda kujenga."