Afisa Taka wa Dharura

Serikali kuu ilipopunguza ruzuku ya mji, taa za barabarani zilizimika, mabomba yakakauka, na lori la taka likapandishwa juu ya mawe, kuku wakalihamia. Kila mtu aliona balaa. Kasuku aliona ajira.

Ajira isiyo na jasho, lakini. Kasuku na jasho walikuwa hawasalimiani. Ila asubuhi hiyo dada yake, aliyekuwa akimlisha, alimwambia, "Mdogo wangu, leo usiporudi na kitu, usirudi."

Basi akavaa kizibao cha rangi ya chungwa, akaazima mkokoteni, akaingia sokoni kifua mbele.

"Mama zangu! Mimi ni Afisa Taka wa Dharura. Kila kibanda kilipe leo, taka zitaondoka kesho."

Hiyo kesho, afisa angekuwa kajifunika shuka kwa dada yake.

Muuza sufuria, mwenyekiti wa soko, akamtazama juu hadi chini. "Afisa, hapa tunalipa tukishaona. Zoa kwanza."

Kasuku akawaza: mkokoteni mmoja tu, wa kuwalainisha.

"Na nyuma ya bucha?" akauliza mwenyekiti mkokoteni huo ulipoondoka. "Na kule mtaroni, mwanangu?"

Hadi alasiri, tapeli aliyewahi kumuuzia mchungaji kanisa lake mwenyewe alikuwa amekumbatia gunia la maganda linalomchuruzikia shingoni.

Soko liling'aa. Wanawake wakachanga, kikapu kikajaa. Kasuku akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukamtangulia: karani wa manispaa, suti imepauka, kitabu cha stakabadhi kwapani. Mwenyekiti ndiye aliyemwita.

"Mapato ya mji," karani akasema kwa upole. "Kama u afisa wetu, fedha ni zetu. Kama si afisa wetu, askari yule pale."

Kasuku, aliyezaliwa akiongea, akamtazama askari. Kisha akachagua neno dogo. "Ni afisa."

"Karibu kazini."

"Na mshahara, mzee?"

"Tutakukopa kama wenzako. Mimi wangu nimeshausahau sura."

"Kesho mapema, Afisa!" mwenyekiti akapaza sauti. "Machinjioni hatujafika!"

Dada alimpokea mlangoni, pua kaibana. "Umerudi na kitu?"

"Na kazi, dada."

Dada akamkagua, akacheka hadi akashika ukuta, akampisha. "Pita. Ila uoge kwanza."

"Bomba limekauka."

"Basi tafuta afisa wa maji."

Kasuku akakivua kizibao upesi, kabla mtu hajamteua.