Nimekunywa Ushahidi wa Wageni

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe!

Mnajua kazi yangu hapa Brussels ni kuandaa mikutano. Leo tulikuwa na wageni kutoka ofisi ya haki za binadamu ya visiwa vya Pasifiki. Mkuu wao, Bi Sela, mama mpole mwenye sauti ya chini, amesafiri siku mbili kuja kuwaeleza wabunge jinsi bahari inavyoingia kwenye visima vyao. Akapewa dakika kumi. Kumi tu!

Mimi nikachelewa. Treni kutoka Berchem ilikwama, nikatoka stesheni mbio na boksi la makabrasha kichwani (ndiyo, kichwani, na suti yangu). Naingia, koo limekauka, Bi Sela ndiyo anaanza kuongea. Mezani kuna chupa ya maji. Haina lebo. Mimi na lebo wapi na wapi?

Nikapiga funda moja la nguvu.

Mungu wangu! Chumvi! Na tope kwa mbali! Nikajaribu kumeza, yakagoma. Yakaruka yote mpaka kwenye tai ya mbunge aliyekaa mbele yangu.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Maman Furaha, mama wa Bukavu anayeshughulikia vipaza sauti, akaninong'oneza: "Eh, mutoto yangu! Ile ni mayi ya kisima ya kwao! Alileta ya kuonyesha bantu!"

"Ana chupa nyingine?"

"Nyingine wapi? Ni hiyo moja tu!"

Nikaenda mbele kumwomba Bi Sela radhi, machozi yananilenga. Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Huyu amekunywa funda moja," akawaambia wabunge. "Watoto wetu wanakunywa haya kila siku shuleni."

Yule mbunge, huku anajifuta, akauliza, "Yamebaki?" Akaonja. Uso wake ukakunjamana kama wangu. Chupa ikazunguka meza nzima, maswali yakaanza, na zile dakika kumi zikawa saa nzima. Wameahidi kwenda visiwani kujionea wenyewe.

Bi Sela amenikumbatia wakati wa kuagana. Bosi wangu hajanikumbatia.

Tafadhali asicheke mtu. Tumbo linanguruma tangu saa nane, na sijui kama ni aibu au ni bahari.