Wifi Alifunga Riboni, Mimi Nikapika Wali

Kwa Baba Mkubwa,
Mkuu wa familia yetu.

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa viganja vyangu, ambavyo vimefungwa bandeji. Naandika kwa adabu zote kumshitaki dada yako, yaani Shangazi, kwa jinsi alivyogawa kazi za harusi ya mdogo wangu.

1. Shangazi alitaka maandalizi yatumie masaa machache kabisa. Nia njema. Basi akatafuta kazi itakayokwisha upesi kuliko zote, akampa anayeiweza upesi kuliko wote: Wifi, kupamba ukumbi, saa moja tu. Akajipigia makofi.

2. Wifi ni mpishi wa shule ya bweni. Chakula cha harusi angekimaliza kwa masaa matatu, tena huku anaimba. Mimi ni fundi rangi. Ukumbi ningeupamba kwa masaa mawili. Lakini jiko ndilo lililobaki, na mimi ndiye niliyebaki. Masaa kumi, Baba Mkubwa! Tungebadilishana, jumla yetu ingekuwa masaa matano. Tulitumia kumi na moja.

Nilimweleza Shangazi. Akanijibu, "Mwanangu, aliyekwisha pewa kazi hapokonywi. Wewe koroga."

3. Nikakoroga. Wali ulikuwa makaa chini, uji katikati, na juu mchele mtupu. Wifi, aliyemaliza riboni zake asubuhi, alikaa kivulini akinitazama kwa huruma. Alipoinuka kunisaidia, Shangazi alimkalisha, ati asije akavuruga mpango.

4. Wakwe waliondoka na njaa. Mama wa bwana harusi alinishika bega, akaniuliza kwa upole kama chuki yangu ni kwake peke yake au kwa ukoo mzima.

Kwa hiyo naomba Shangazi asigawe tena kitu chochote, hata viti. Kila shughuli ipigiwe hesabu kamili, kila mtu kwa kila kazi, kabla mtu hajashika mwiko. Na harusi irudiwe, kwa bwana harusi yule yule ikiwezekana.

Nisalimie Mama Mkubwa, watoto, na yule jirani mwenye kikohozi.

Ni mimi binti yako mtiifu,
Fundi Rangi

Tanbihi: Kuhusu wa kukuletea barua hii, sikuona haja ya kulinganisha watu wote. Nimemchukua aliye karibu kuliko wote, anayekuja kwako leo hii hii, na hataki nauli. Ni Shangazi. Yupo mlangoni ananisubiri, analalamika kwamba safari ni ndefu na hana cha kusoma. Bahasha sikununua.