Pango Linaloongea la Shangazi Edurne

Jumatano, 2 Oktoba

Hili sijamwambia mtu, hata padri: nataka kuwa mwongoza wageni. Mimi, Garazi, ambaye mwalimu mpya alipoingia darasani niliomba ruhusa ya chooni ili nisimsalimie. Shuleni tunafundishwa kwa Kibaski na Kihispania. Matokeo yake, naweza kunyamaza vizuri kabisa kwa lugha zote mbili.

Leo Shangazi Edurne katangaza mezani. Jumamosi atachagua nani awatembeze wageni msimu huu wote, kwanza kwenye mizabibu, kisha kwenye pango la mvinyo chini ya nyumba yake. Ni mimi au binamu yangu Jokin. Jokin kacheka mpaka kapaliwa na kiazi. Kauliza kama wageni watagawiwa kalamu ili wanihoji kwa maandishi.

Mchekeshaji mkubwa. Ana sauti ya mnadi samaki, na akili ya samaki mwenyewe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nina mpango! Sauti ninayo, shida ni watu. Kwa hiyo nimejifungia stoo nikarekodi maelezo yote kwenye simu yangu ya zamani, Kihispania kwanza, Kibaski baadaye. Nimeongea kwa madaha. Nimejipenda. Simu nimeiunganisha na spika, na Jumamosi saa sita mchana itaanza yenyewe, wageni wakiwa pangoni. Mle ni giza. Nitasimama mbele nikichezesha midomo.

Mtu anionyeshe kasoro. Haipo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimeshuka pangoni asubuhi, nikaficha mitambo yangu nyuma ya pipa la mwisho. Mchana wamemwaga zabibu za mwisho kwenye birika kubwa la kuchachushia, mle mle pangoni. Babu Eusebio kanusa, kasema kwa joto hili zitachemka upesi. Nikamwambia hongera. Babu ana habari na zabibu, mimi nina habari na ushindi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mungu wangu.

Wageni wamefika, wengi wa Madrid, na mama mmoja mwenye viatu vyeupe pee, kwenye tope la mavuno. Shambani kaongoza Jokin. Kaongea bila kituo, hata mbwa kaondoka. Zamu yangu ilikuwa pangoni.

Sasa, zabibu zikichacha hutoa hewa inayoua bila kubisha hodi. Ndiyo maana wakati wa mavuno hapa kwetu Rioja hakuna anayeshuka kabla ya kuteremsha mshumaa. Ukizimika hushuki, hata uwe askofu. Shangazi kauteremsha kwa waya. Haujafika hata katikati, puu, umezimika! Kafunga mnyororo mlangoni, kawaomba radhi wageni, kaniambia, “Haya mwanangu, waelezee hapa hapa juu.”

Nyuso zote kwangu. Nikachunguza viatu vyangu. Vina kamba.

Ikagonga saa sita. Kutoka gizani ikapanda sauti ya binti mchangamfu: “Karibuni chini, wapendwa wageni! Vuteni pumzi ndefu!”

Jokin kapiga ishara ya msalaba. Mama wa viatu vyeupe kapiga ukelele kwamba kuna mtu. Mumewe kasema mbona anaonekana ana raha zake. Shangazi kasema ndiyo hewa yenyewe hiyo, humlevya mtu kabla ya kummaliza. Na Babu, mzee wa magoti mabovu, kalowesha leso kwenye ndoo, kajifunga puani, karuka mnyororo!

“Baba, ukishuka hurudi!”

“Niache, Edurne! Mtoto wa watu anakufa!”

Kaponyoka. Mguu kwenye ngazi. Wa pili. Sentensi moja tu ilihitajika, na mimi ulimi umekuwa gogo.

Kisha ikatoka. “BABU, RUDI! HAKUNA MTU! NI SIMU YANGU!” Njiwa wa kanisani wote wameruka. Babu kaganda. Shangazi kamvuta kwa mkanda wa suruali.

Na hapo pango likamalizia kipande nilichosahau kukata: “Jokin akisikia haya atapasuka, redio mbovu yule.”

Halafu kwa Kibaski.

Jumapili, 6 Oktoba

Jokin kapewa msimu wote. Babu kanuna, kisha kachekea supu yake. Shangazi kaniita pembeni. Kasema ile niliyompigia Babu ndiyo sauti ya kuongoza wageni, niilete Jumamosi ijayo, atanipa kundi dogo. Niongee tu, kwa mdomo wangu, kama mtu.

Maskini Shangazi, hajaelewa kabisa. Kosa halikuwa spika. Kosa lilikuwa pango! Nje kuna hewa tele. Kwa hiyo nimetengeneza sanamu la kutishia ndege, nitalisimamisha katikati ya mizabibu na spika kifuani. Limevaa vizuri sana. Wageni watalipenda.

Babu anazunguka nyumba nzima akiuliza suruali yake ya kanisani iko wapi. Sasa anapanda ngazi. Jokin anamwambia ajaribu chumbani kwa Garazi. Nyayo ziko mlangoni, naficha kara