Tani Moja ya Makasha Meupe

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Meneja wa Uhusiano,
Kiwanda cha Makasha ya Povu.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MAKTABA YETU

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na mwenyekiti wa Klabu ya Urejelezaji uliyoizindua mwenyewe shuleni kwetu. Kabla sijaandika lolote nimejiwekea nadhiri ya kueleza yote, yanayonifaa na yasiyonifaa, kwa sababu mwalimu wetu wa lugha anasema barua ya malalamiko inayoficha jambo ni umbea uliobandikwa stempu.

Alitufundisha pia kuanza na shukrani. Nakushukuru kwa kofia. Ilikuwa kofia moja kwa wanachama arobaini, lakini tumeivaa kwa zamu na upande mmoja bado ni wa kijani.

Huenda umetusahau, kwa hiyo nakukumbusha. Siku ile ulipanda juu ya kiti cha darasa letu ukatuambia kwamba yale makasha meupe mepesi ya kubebea chakula si takataka, bali ni "mali iliyopumzika". Ukasema baraza linataka kuyapiga marufuku kwa sababu halijakutana na vijana kama sisi. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na ndiyo maana nikachaguliwa mwenyekiti. Kisha ukakata utepe kwenye mlango wa maktaba, ukasema chumba kile kitakuwa kituo cha kukusanyia "kwa muda mfupi tu", ukabandika masharti matatu mlangoni: makasha yawe safi, yapangwe mdomo juu bila kubanwa, ili yakauke na yasivunjike, na lori litakuja kuyachukua mzigo ukitimia tani moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tani. Hatukuwa tumewahi kukutana na tani, tukadhani ni kitu kinachofikika. Tuliokota makasha vibandani, stendi, viwanjani na kwenye sherehe za watu wasiotujua. Shangazi yangu, anayeuza chakula nje ya lango la shule, alikuwa akiwafungia wateja makasha, wanakula hatua chache mbele, nasi tunayapokea yangali ya moto. Maktaba yetu ni chumba kidogo, zamani kilikuwa stoo, nacho kikajaa hata mlango ukawa unafungwa kwa kusukumwa na watu wanne. Tukaazima kwa mpishi wa shule mizani ya kupimia magunia. Chumba kizima kilikuwa na kilo sitini na mbili.

Ndugu Meneja, mpishi wetu peke yake ana kilo tisini, na hajawahi kuhitaji lori. (Ameniruhusu kuandika hivyo.)

Nilimwuliza mwalimu wa fizikia, akasema sehemu kubwa ya kasha la povu ni hewa. Kumbe tumekuwa tukikusanya hewa, tukaipanga, tukaipiga kufuli. Mlinzi wetu, mzee asiyependa maneno mengi, aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, hebu niambie, humu ndani nalinda nini? Mwizi akija mimi nitamshikia mlango." Nilipiga hesabu nikaona kwamba ili kufikia tani tunahitaji vyumba kumi na sita na ushee vya ukubwa ule. Shule yetu ina kumi na kimoja, ukihesabu na choo cha walimu. Mwalimu mkuu hakupenda nilivyokihesabu choo.

2. Usafi. Mafuta ya chakula hayatoki kwa maji baridi. Kwa hiyo klabu yetu, ya kutunza mazingira, huchota maji ya tangi la shule, huchoma kuni kuyapasha moto, na humwaga sabuni mtaroni, ili kusafisha kitu ambacho hakiondoki. Tena tumegundua jambo la kusikitisha: kasha chafu lina uzito kuliko safi. Kila tukiosha, tani inarudi nyuma. Lenye makombo linatusogeza mbele lakini lori halilitaki. Lililooshwa lori linalitaka lakini halitusogezi popote. Simfahamu aliyetunga masharti haya. Naomba tu asiruhusiwe kutunga mtihani wetu.

3. Dari. Tulipopiga simu ofisini kwako kuomba ushauri, dada mmoja mwenye sauti nzuri sana alijibu, "Ongezeni nafasi, wadogo zangu." Tukaongeza. Tulitoa dari, tukapanga juu ya mbao za paa yale masanduku makubwa ya povu yaliyotupwa na muuza barafu, mdomo juu kama ulivyoagiza, hadi yakakaribia kugusa mabati. Mabati yenyewe yana matundu ya misumari, na mfereji wa paa la bwalo humwagia maji juu yake. Hilo dada hakuuliza.

4. Vitabu. Viko nyuma ya makasha, kwenye rafu ya ukuta wa mwisho: mitihani ya miaka iliyopita, kamusi kubwa pekee tuliyo nayo, na kitabu cha biolojia, ambacho ni kimoja kwa kidato kizima. Mtihani wetu wa mwisho ni baada ya likizo. Nyumbani tunalala wanne katika chumba chenye televisheni, na televisheni ndiyo inayolala ya mwisho. Maktaba ndipo nilipokuwa nasomea. Siku hizi nasimama nje kwenye dirisha dogo lililo ubavuni mwa rafu na kukitazama kitabu kwa mgongo. Mgongo nimeukariri: jina, toleo, na shimo alilotoboa mende. Sidhani kama vitaulizwa.

Nataka kuwa daktari. Sikulisema siku ile kwa sababu hukuuliza, ulituuliza tu kama tunaipenda dunia.

5. Mashine. Ulituambia ipo mashine inayolikandamiza povu mpaka chumba kizima kikaenea kwenye ndoo. Naamini. Niliiona kwenye ile filamu uliyotuonyesha siku ya uzinduzi, ndani ya ukumbi mweupe, ikihudumiwa na watu wenye glavu. Tulipouliza iko wapi, tukajibiwa iko njiani. Tulipouliza tena, ilikuwa bado njiani. Nilimsimulia shangazi, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Hata mjomba wako aliniambia yuko njiani," alisema, "na mtoto sasa anaota meno ya pili."

Nieleweke vizuri. Sipingi kwamba povu linaweza kurejelezwa. Hata mimi naweza kuruka angani nikipewa ndege. Napinga kuandikwa kwamba nimesharuka.

6. Gazeti. Hapa ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Wiki iliyopita uliliandikia baraza kupitia gazeti kwamba hakuna haja ya marufuku, kwa kuwa "shule moja tayari inarejeleza makasha yake yote, na hakuna hata moja lililokwenda jalalani". Ni kweli, hakuna lililokwenda jalalani. Jalala limekuja kwetu. Na juu ya maneno hayo kuna picha yangu nikicheka nimevaa kofia. Nilicheka kwa sababu mpiga picha alisema, "Haya, wote semeni taniii!"

Sasa, Ndugu Meneja, nimeufikiria utaratibu wako kwa heshima zote. Ikiwa kitu kinachosubiri kurejelezwa kimesharejelezwa, basi sheria hiyo itumike kwa kila mtu. Mimi nasubiri kufanya mtihani. Naomba cheti changu. Mwalimu mkuu anasubiri kustaafu. Apewe maua aende nyumbani. Wagonjwa waliokaa foleni zahanati watangazwe wamepona, na daktari afunge. Lori lako linasubiriwa. Kwa hiyo limeshafika, na kosa ni la macho yetu.

Kwa sababu hizo msimamo wangu ni kwamba tani haifikiki, si kwa sisi wala kwa wajukuu wetu, na kasha la povu likishamaliza kubeba chakula halina faida yoyote kwa kiumbe yeyote. Lipigwe marufuku. Shangazi ameafiki, ingawa yeye ndiye atakayeumia kwanza. Amesema atarudia sahani, na mteja anayeona haya kula hadharani ajifunike kanga. Ijumaa baraza linapokea maoni ya wananchi, nami nimeruhusiwa kuisoma barua hii mbele ya kamati. Nimeona ni adabu uisome wewe kwanza.

Naomba usinielewe vibaya. Sikuchukii. Bado naamini kwamba mtu aliyepanda juu ya kiti chetu mbele ya watoto mia tatu anaweza kutuma lori moja.

Nisalimie yule dada wa simu, mpiga picha na dereva wa lori kama yupo. Nisalimie na mashine, mkikutana njiani. Hapa mwalimu mkuu, mpishi, mlinzi na wanachama wote arobaini wanakusalimu, na aliye zamu ya kofia leo ameivua kwa heshima yako.

Wako katika kusubiri,
Mwenyekiti, Klabu ya Urejelezaji

Nakala: Kamati ya Mazingira ya Baraza.

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, na ningependa sana ingebaki imefungwa. Lakini niliahidi kueleza yote.

Mvua imenyesha tangu Jumatatu bila kupumzika. Leo mlinzi amejaribu kufungua mlango wa maktaba, haukusogea, hata aliposaidiwa na mpishi. Tukazunguka dirishani. Maji yamepita kwenye matundu ya mabati, mfereji wa bwalo ukaongeza ya kwake, na makasha, kwa kuwa yote yametazama juu kama ulivyoagiza, yameyapokea. Yale masanduku makubwa ya juu yamejaa hadi ukingoni. Tulichota moja lililo karibu na dirisha kwa ndoo, tukapima, mwalimu wa hesabu akazidisha kwa idadi ya masanduku, kisha akarudia kwa kutoamini. Tani imetimia, Ndugu Meneja. Imetimia na kuzidi.

Nimesoma tena masharti yako. Yanadai tani, hayasemi ya nini. Yanadai usafi, na makasha hayajawahi kuwa safi kama leo. Kwa hiyo nafuta lalamiko namba moja, na namba mbili pia.

Inanibidi nifute na yale maneno kwamba makasha hayana faida yoyote. Stoo ya jirani, ambayo haina hata kasha moja, imelowa mpaka madaftari ya walimu yanaelea. Lakini mlinzi alipopenyeza fimbo dirishani, jambo ambalo klabu nzima haikuwahi kulifikiria, na kuvuta kitabu kimoja kutoka kwenye rafu, kilitoka kikavu. Ni kile cha biolojia. Kipo mapajani mwangu ninapoandika haya, na ndani kina picha ya moyo, ambayo mgongoni hawakuitaja. Sijui tena Ijumaa nitaisomea kamati nini.

Tatizo ni kwamba mbao za paa zimeanza kulia. Tukiyamwaga maji, tani inaondoka, na lori nalo. Tusipoyamwaga, mbao zitakatika na vitabu vilivyobaki vitayapokea yote kwa mkupuo mmoja, kamusi ikiwa ya kwanza. Wenzangu wamesimama chini ya dirisha na ndoo, wananingoja mimi, na mimi nakungoja wewe.

Barua hii inaletwa na mlinzi mwenyewe kwa baiskeli, naye ameagizwa asiondoke hapo mlangoni kwako bila jibu. Je, lori linakuja leo, au tuimwage tani yako?