Bendera Nyekundu Juu ya Ramani

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepewa kazi. Kazi kubwa! Mwalimu Teófila ametugawia majukumu ya klabu ya kompyuta, na mimi, Hermelinda Usca wa kidato cha tatu, nimepewa uso wa ramani.

Nieleze kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa. Shule yetu ya kijiji cha Huchuypata imetengeneza ramani ya simu ya kuwaongoza wapanda milima hadi ziwani. Njia zimo. Mito imo. Tatizo ni uso wake: vitufe, alama, maandishi. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliifuata kwa uaminifu akaishia katika shamba la viazi la Mzee Wenceslao, akalala humo humo. Mzee alimpelekea blanketi. Kisha akaja shuleni kulalamikia viazi.

Jumapili wanakuja wapanda milima kutoka mji wa Calca kuijaribu. Mwanafunzi atakayekuwa ameifanya ieleweke zaidi ataenda mjini Cusco kuionyesha mbele ya shule nyingine, na mzazi wake atakaa safu ya kwanza. Mama yuko Cusco, anafua mashuka ya hoteli. Huku tunamwona Krismasi tu. Sisemi zaidi. Safu ya kwanza ni safu nzuri.

Mshindani wangu ni Rosaura Ccahuana, aliyepewa majina ya mahali. Rosaura hupiga pasi leso. Sina la kuongeza.

Jumanne, 10 Septemba

Mtaalamu huanza kwa kumtazama mtumiaji. Mtumiaji wa karibu ni Bibi. Nilimkuta jikoni akisokota sufu, simbilisi wakimzunguka miguuni wakisubiri maganda. Nikampa simu nikamwomba atafute njia ya kwenda kwa Mama Dominga.

Vidole vya Bibi vimenenepa kwa kazi. Aligusa vitufe vitatu kwa mpigo. Ramani ikaruka, ikavuka milima yote, ikatua Brazili. Bibi akaniuliza kwa nini namletea bahari ilhali yeye anataka kwenda nyumba ya nne.

Nimeelewa! Vitufe ni vidogo. Mchana nimevikuza vyote. Sasa hata mwenye glavu za sufu anaweza kugusa kimoja bila kuudhi vingine. Nimeridhika sana.

Jioni Rosaura ameitazama kazi yangu kwa muda mrefu. Akasema vitufe vimependeza mno. Kisha akauliza, kwa adabu zake zile, ramani yenyewe nimeihamishia wapi.

Ni kweli ilikuwa imebaki ufa mwembamba katikati, kama mlango uliosahauliwa wazi. Nimevipunguza kidogo. Si kwa sababu yake.

Jumatano, 11 Septemba

Leo ndiyo siku. Wazo limenijia njiani, kabla ya kengele.

Hatari zetu kwenye ramani ni pembetatu za kijivu. Nimemwonyesha Bibi, akadhani ni mahema. Nimemwonyesha Mjomba Florencio, akadhani ni uchafu wa kioo akaufuta kwa mkono wa shati. Ndiyo maana watu wanalala kwenye viazi!

Hatari inataka rangi. Kitabu chetu cha usalama barabarani kinasema wazi: nyekundu ni hatari, dunia nzima. Basi nimefuta pembetatu zote nikaweka bendera nyekundu. Moja kwenye genge la Yanaqaqa panapoporomoka mawe. Moja kwenye kinamasi. Moja kwa fahali wa Mzee Wenceslao, ambaye hana subira na wageni. Na nyingine nyingi, maana milima yetu haina uchache wa hatari.

Umbo la bendera nimelichora kwa uangalifu, kwa kunakili ile ya mlangoni kwa Mama Dominga, iliyo kwenye mti mrefu. Inapepea vizuri na huonekana kutoka mbali. Naipita kila asubuhi. Sanaa iko mbele ya macho yetu, ni kutazama tu.

Rosaura alisema labda tuwaulize watu kwanza. Wivu, nadhani, ingawa si vizuri kumdhania mtu. Mwalimu Teófila alisema Ijumaa tutawajaribu watu wa kijiji, kabla ya wageni.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku tulivu. Nimezifanya bendera ziwe zinapepea. Inachelewesha simu kidogo, lakini mtu aliye karibu na genge hapaswi kuwa na haraka.

Rosaura amemaliza majina ya mahali, na tahajia zote ni sahihi. Amemwuliza hadi babu yake kuhusu kijito kisicho na jina, naye akampa majina mawili. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Yangu yalisikika zaidi.

Mama amepiga simu. Nilimdokeza asipange jambo mwezi ujao. Aliuliza kuna nini. Nikasema kuna safu ya kwanza. Hakuelewa, lakini alicheka, na nilimsikia akimwambia mwenzake pale kwenye mashuka kwamba binti yake sasa ni mhandisi.

Ijumaa, 13 Septemba

Jaribio. Nitaandika bila kuficha, ingawa mkono hautaki.

Waliojitolea ni Mjomba Florencio na rafiki zake wawili, wametoka kusafisha mfereji kwenye kazi ya kijiji, wana kiu na wana moyo mkunjufu. Mwalimu Teófila aliwapa simu akawaambia wafuate ramani mpaka ziwani, wasiulize mtu. Mimi na Rosaura tuliambiwa tufuate nyuma pamoja naye na tusifungue kinywa. Jaribio ni jaribio.

Mjomba alitazama kioo. Uso wake ukachanua kama wa mtu aliyepata barua njema. Akawaonyesha wenzake. Wakanigeukia wote, wakanipigia saluti kwa kofia. Nilijua nimeshinda.

Wakaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa watu waliotoka kwenye mfereji. Hawakushika njia ya ziwani. Wakashika moja kwa moja ya kinamasi. Nilitaka kupiga kelele. Mwalimu alinitazama. Nikafunga kinywa. Mjomba akazama hadi magotini, akasimama humo akigeuka huku na huku, kama anayetafuta mlango.

Hakukata tamaa. Wakaenda bendera ya pili, Yanaqaqa. Mwalimu aliwazuia kwa mkono kabla ya genge. Casimiro, rafiki wa Mjomba, alilitazama lile jabali tupu kwa heshima.

“Labda mwenye nyumba katoka kidogo,” alisema. “Tugonge.”

“Ugonge wapi, bwana? Ni jiwe,” alisema Mjomba.

“Mara nyingine huwa kwa nyuma.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Ee Mungu wangu! Huku kwetu bendera nyekundu kwenye mti mrefu haimaanishi hatari. Inamaanisha chicha imeiva, karibu ndani. Mama Dominga huisimika kila anapofungua mtungi mpya wa pombe yake ya mahindi. Mimi niliyezaliwa hapa! Naipita kila asubuhi! Nimewaambia watu wa Huchuypata kwamba mlima mzima ni kilabu.

Bendera ya tatu ilikuwa ya fahali. Mjomba aliponiita alikuwa ameketi juu ya ukuta wa mawe, miguu ameikunja, matope hadi magotini.

“Hermelinda, mwanangu,” alisema kwa huzuni, si kwa hasira, “bendera zote hizi na hakuna hata bilauri moja. Watu wazima hawafanyiwi hivi.”

Rosaura alimpa leso yake, ile iliyopigwa pasi, ajifute. Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko fahali.

Tuliporudi Mama Dominga alikuwa anangoja langoni mwa shule. Habari zilikuwa zimemfikia. Alitaka kujua ni akina nani hawa wapishi wapya wa chicha walioko Yanaqaqa, na nani aliwapa ruhusa, maana ile ni ardhi ya kijiji na yeye hakuitwa kwenye mkutano. Mwalimu alimweleza kwa muda mrefu. Aliondoka akisema atapanda mwenyewe akahakikishe.

Sijala. Kwa kweli nimekula, lakini bila furaha.

Jumamosi, 14 Septemba

Mwalimu Teófila hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alisema Rosaura ndiye atakayeionyesha ramani Cusco. Ni Rosaura pia aliyebadilisha bendera zangu kuwa picha ya mtu anayeteleza. Kila mtu ameielewa. Mjomba amesema hajawahi kuona picha isiyoleta kiu namna ile.

Mimi nimebakishiwa kona moja. Chini kulia, mstari unaosema umbali hadi ziwani. Nihakikishe unaeleweka, basi, nisiguse kingine.

Lakini kisha Mwalimu akasema jambo jingine, kwa sauti ndogo. Gari la kwenda Cusco lina nafasi ya wanafunzi wawili. Kesho ikipita vizuri, na kona yangu ikifanya kazi yake, nami nitapanda. Na safu ya kwanza ina viti vya wazazi wawili.

“Hermelinda,” aliniambia, “kabla hujaweka alama, waulize watu.”

Nimeliandika. Nimelipigia mstari. Sitalisahau kamwe.

Jumapili, 15 Septemba

Nimewauliza watu! Nimeamka mapema nikazunguka kijiji kizima kabla wageni hawajafika.

Kona yangu ilisema kilomita na mita za kupanda. Nani huzungumza hivyo? Nikamwuliza Bibi ziwani ni mbali kiasi gani. Akasema ni hapo tu. Nikamwuliza Mjomba, ambaye bado anakausha viatu. Hapo tu, ukivuka kile kilima. Mzee Wenceslao: hapo tu. Mama Dominga, ambaye hajanisamehe, hata yeye alinielekeza kwa kidevu: hapo tu. Hakuna aliyepingana na mwenzake! Bibi alinieleza pia sababu. Msafiri ukimtajia saa za kutembea unamvunja moyo akiwa bado mlangoni, na huo si ustaarabu.

Basi nimefuta tarakimu zote. Kona yangu sasa inasema, kwa herufi nzuri: *Hapo tu.* Haimkatishi mtu tamaa na haihitaji hesabu.

Rosaura alipita akauliza kama watu wa Calca watalielewa. Nikamjibu kwa upole kwamba safari hii watu wameulizwa. Alikwenda zake. Nilimhurumia kidogo.

Wapanda milima walifika wakati wa uji, wana viatu vipya na fimbo za chuma. Walisoma kona yangu wakafurahi sana. Mmoja akasema kama ni hapo tu, hakuna haja ya kubeba mikate wala makoti, wakayaacha yote kwa Bibi. Mzigo mwepesi, mioyo myepesi. Sijawahi kuona watu wakianza safari wakicheka vile. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwenye kinamasi.

Mchana Mama akapiga kuuliza kama aombe ruhusa kazini. Nimemwambia aombe.

Sasa jua limeshuka nyuma ya Yanaqaqa na baridi imeingia. Mwalimu Teófila amepita hapa akikimbia kidogo, pamoja na Mjomba, nyumbu wawili, tochi na makoti ya wageni. Nilimwuliza kuhusu nafasi yangu garini. Hakusikia, nadhani.

Wageni bado hawajarudi. Bila shaka wamelipenda sana ziwa.