Kochi la Kukaliwa na Wote

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa cheo. Shangazi alikitangaza mbele ya karakana nzima, mimi nikitazama viatu vyangu. Kuanzia leo ndimi msimamizi wa mawasiliano. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa naitika jina langu kwa kuinua kidole.

Zamani karakana hii ya makochi ilikuwa chumba kimoja na watu wanne. Kochi likikamilika walilikalia wote kabla halijatoka, wamebanana kama ndugu kwenye picha, kila mmoja akasema panapomchoma. Shangazi anasema ndiko lilikotoka jina letu, Kochi la Kukaliwa na Wote. Sasa tumeongezeka. Maseremala wako upande huu wa barabara, washonaji wa mito wamehamishiwa ng'ambo, na wengine hawajuani hata kwa sura. Juzi fremu zilipunguzwa upana na washonaji hawakuambiwa. Mteja alirudisha kochi, akasema mito imefura kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Jumamosi kochi la hoteli linachukuliwa. Wakilipenda, wataagiza ya vyumba vyote. Shangazi amesema likiharibika tena kwa sababu watu hawaambiani, cheo changu anapewa Binamu, mwanawe. Binamu ana sauti inayofika ng'ambo bila simu. Alitabasamu. Nilimchukia kwa adabu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunda kundi la simu, nikaliita Familia Moja. Faida yake: naweza kuwaongoza watu wote bila kumwona hata mmoja.

Asubuhi lilikwenda vizuri. Kisha Msumari, mkuu wa maseremala, mtu mrefu mwembamba mwenye ulimi wa kuchoma, akauliza humo kama washonaji wanashonea watu au tembo. Nikakimbilia kuyafuta maneno yake, Mama Pindo, mkuu wa washonaji, asije akayaona. Kidole kiliteleza. Nikamtoa Mama Pindo kundini.

Washonaji wote wakajitoa kumfuata. Hadi jioni Familia Moja ilikuwa na maseremala, Binamu na mimi. Binamu aliandika pole. Hakumaanisha.

Jumatano, 5 Machi

Msumari na Mama Pindo hawasemezani tena. Kumbe hii ni nafasi. Nitakuwa daraja! Kila neno litapitia kwangu, nami nitalilainisha njiani, maana maneno makali ndiyo yanayovunja familia.

Msumari alinituma nimwambie yule mama aache kushona akiwa amefumba macho. Nikavuka barabara, nikamwambia Mama Pindo anasalimiwa. Alishangaa. Akanituma nimwambie huyo ufito kwamba makochi yake yamekonda kwa kumwiga yeye. Nikavuka tena. Nikamwambia Msumari anaulizwa kama amekula.

Aliweka nyundo chini. Akasema amekula, asante.

Alhamisi, 6 Machi

Inafanya kazi. Leo Mama Pindo alipunga mkono dirishani. Msumari amechana nywele. Binamu aliniuliza nimewapa nini hawa watu. Nikainua kidole tu. Ni siri ya kazi, na pia sauti haikutoka.

Mchana Msumari alinijia amekunja uso, penseli sikioni. Akasema nimweleze Mama Pindo, na nisisahau, kwamba fremu ya hoteli ameipunguza vidole vinne, asije akamletea tena mito ya tembo. Njiani niliyapima maneno hayo. Vidole, kupunguza, tembo. Yote yananuka ugomvi. Nikamwambia Mama Pindo kwamba Msumari anaisifu mito yake.

Aliona haya mpaka akadondosha mkasi. Nilirudi nikitembea kama mtu mwenye cheo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimnong'oneza Shangazi kwamba kochi la hoteli tulikalie wote, kama zamani. Alinikumbatia. Binamu akawaita watu. Kwa hilo anafaa.

Mito ilipoletwa haikuingia. Washonaji wakaisukuma, maseremala wakaipiga ngumi, ikaingia kwa shingo upande na kuvimba katikati. Shangazi, kwa heshima yake, aliketi wa kwanza, palepale katikati. Kochi likamtema. Alifika chini taratibu, akiwa bado ameketi.

Msumari akamuuliza Mama Pindo vile vidole vinne alivyomtumia amevipeleka wapi. Mama Pindo akasema hakuletewa kidole hata kimoja, aliletewa sifa. Msumari akataka kujua sifa gani, yeye hajamsifu mtu tangu azaliwe. Na hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kila siku kama amekula. Mama Pindo akasema angemwona anakufa njaa, angemuuliza kama amemaliza fremu.

Wote wawili wakageuka kunitafuta. Nilikuwa nyuma ya kochi, nikikagua kitambaa.

Aliyeanza kucheka ni Shangazi, palepale sakafuni. Kisha karakana nzima ikaangua kicheko. Msumari akajitwika kochi na wenzake, wakalivusha hadi ng'ambo, na mchana wote yeye alipima huku Mama Pindo akikata, wakiitana ufito na fundi wa tembo uso kwa uso. Sijawahi kuona watu wakitukanana kwa furaha hivyo. Jua lilikuwa bado halijazama mito ilipokaa sawasawa.

Jumamosi, 8 Machi

Hoteli wamelichukua kochi na kuagiza ya vyumba vyote.

Shangazi ametoa amri. Hakuna kochi litakalotoka kabla seremala mmoja na mshonaji mmoja hawajalikalia pamoja na kuambiana kwa midomo yao wenyewe, bila daraja. Aliposema daraja alinitazama. Cheo ni changu bado, ila kazi yangu ni kuhakikisha watu wameketi. Kuwaita ni kazi ya Binamu. Basi mpango wangu umefaulu. Shangazi hapendi tu kumsifu mtoto wa kaka yake mbele za watu.

Wakati wa kufunga, Msumari akiwa tayari juu ya baiskeli, aliniomba nimkumbushe Mama Pindo kwamba kochi la Jumatatu ni la watu watatu, si wawili, na asijifanye hakusikia.

Hilo la mwisho halikunipendeza. Nikavuka barabara, nikamwambia Msumari anamtakia mapumziko mema.

Alifurahi sana.